Je, Wajua? Biashara ya Dunia kwa Nukta na Mishale

Wachumi huichora biashara ya dunia hivi: kila nchi ni nukta, na kila mauzo ni mshale kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Thamani ya bidhaa ikipanda, mshale hunenepa. Je, wajua kwamba:

• Mishale yote ingekuwa 37,056? Hiyo ni endapo kila nchi kati ya wanachama 193 wa Umoja wa Mataifa ingeziuzia nyingine zote. Kwa kweli mingi haipo, kwani nchi nyingi ndogo zilizotengana kwa umbali haziuziani chochote.

• Umbali bado una nguvu? Mwaka 1962 Mholanzi Jan Tinbergen alionyesha kuwa biashara kati ya nchi mbili hukua kadiri chumi zao zinavyokuwa kubwa, na hupungua kadiri zinavyokuwa mbali. Wachumi huiita kanuni ya mvutano.

• Mpaka nao huzuia? Mwaka 1995 mchumi John McCallum alikadiria kuwa majimbo ya Kanada yaliuziana zaidi ya mara 20 kuliko yalivyofanya na majimbo ya Marekani yenye ukubwa na umbali sawa. Waliomfuata walipunguza makadirio hayo, lakini athari ya mpaka ilibaki.

• Mzigo mmoja huwa na thamani mbili? Kwa kawaida muuzaji huandika bei ya bandarini kwake. Mnunuzi huongeza nauli na bima.

• Mshale mmoja mnene ni hatari? Karafuu nyingi za Unguja na Pemba zilinunuliwa na Indonesia kwa ajili ya sigara za kretek. Indonesia ilipanda mikarafuu yake kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 ikajitosheleza. Soko la Zanzibar likaporomoka, na mkulima wa Pemba ndiye aliyeumia.

• Mchoro huu huficha njia? Mafuta mengi yanayotumika Uganda na Rwanda hununuliwa ng'ambo, hivyo mshale wake unaweza kuiruka Kenya. Lakini mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipoikata njia ya Mombasa, mafuta yaliadimika Kampala na Kigali. Nchi isiyo na bahari inahitaji zaidi ya wauzaji wengi. Inahitaji pia njia ya pili. Ndiyo maana ukarabati wa reli na barabara za kutoka Dar es Salaam unawahusu hata Waganda na Wanyarwanda.