Pesa za Duka na Pesa za Nyumbani Zisilale Mfuko Mmoja

Jioni, mama mwenye hoteli ndogo sokoni hutoa pesa kwenye aproni. Humlipa muuza maziwa, akampa mtoto nauli ya kesho, na zinazobaki akaziweka kwa simu. Ukimwuliza ameuza ngapi leo, atakujibu, "Biashara si mbaya." Hilo ni jibu la heshima, lakini KRA haiwezi kulipokea.

Tangu Julai 2023, biashara nyingi ambazo mauzo yake yanazidi shilingi 1,000,000 kwa mwaka lakini hayapiti 25,000,000 hutozwa kodi ya mauzo, maarufu kama TOT. Kiwango chake ni asilimia 3 ya mauzo yote, wala si ya faida, na hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wengi hudhani ni kodi ya wenye maduka makubwa. Hebu tupige hesabu: hoteli inayouza shilingi 5,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, huuza 130,000. Kwa mwaka hizo ni 1,560,000. Tayari imo.

Kodi yake ya mwezi ni shilingi 3,900. Sasa tuseme mama huyo ni mweka hazina wa chama, na michango ya 40,000 imepitia tili ya hoteli. Taarifa ya tili haionyeshi ipi ni ya chapati na ipi ni ya chama. Asipokuwa na rekodi ya kuzitenganisha, atajikuta akilipia 170,000, yaani shilingi 5,100. Zile 1,200 za ziada ni unga.

Dawa yake ni daftari la kawaida na dakika kumi kabla ya kufunga. Andika tarehe, mauzo ya pesa taslimu, mauzo ya tili, matumizi na madeni. Deni liandikwe papo hapo mteja anapoondoka na bidhaa, kwa sababu kufikia Ijumaa kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake. Michango ya chama na pesa za familia zipitie nambari nyingine. Nawe jipangie kiasi cha kuchukua kila wiki, kisha ukiandike kama unavyoandika mshahara wa mfanyakazi.

Risiti za manunuzi zitie kwenye bahasha, moja kwa kila mwezi. Zile za mashine hufifia upesi, kwa hivyo zipige picha. Sheria inataka rekodi za kodi zihifadhiwe kwa miaka 5. Wateja wenye biashara zao nao wataitisha ankara ya eTIMS, ambayo unaweza kuitoa hata kwa simu isiyo na intaneti kupitia *222#.

Kwa upande wa kaunti, leseni ya biashara ina tarehe ya kuisha, na cheti cha afya cha wanaoshughulikia vyakula hufanywa upya kila miezi 6. Andika tarehe hizo ndani ya jalada la daftari. Fika afisi ya biashara ya kaunti ndogo yako wiki mbili mapema, usingoje asubuhi ambayo maafisa wa ukaguzi wameshaingia sokoni.