Somo Wako Hapa Chuoni Ni Nani?

Kila mwanzo wa semesta tangazo lile lile hubandikwa: mwanafunzi mwenye msongo wa mawazo afike ofisi ya mshauri wa wanafunzi, saa za kazi. Na kila semesta wengi wetu tunalipita kwenda kuangalia ratiba. Shida tunazo, tena nyingi. Boom limechelewa, sapu mbili zinakusubiri, nyumbani wanahesabu miaka umalize usomeshe wadogo zako. Ila ukikutana na mtu koridoni akakuuliza "vipi?", jibu ni "poa". Naona kiini ni hiki: kwa wengi wetu shida haipelekwi ofisini. Inapelekwa kwa mtu, na mtu huyo anajulikana kabla shida yenyewe haijafika.

Chukua kijana anayetoka Malolo, kule Kilosa upande wa Mikumi, jirani na Ruaha Mbuyuni. Siku hizi Malolo ina watu wa makabila mengi waliofuata kilimo cha vitunguu, lakini wilaya yenyewe ni nchi ya Wasagara, Wavidunda na Wakaguru. Hawa, kama jirani zao Waluguru, kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, T. O. Beidelman aliandika kitabu kizima juu yao na wenzao mwaka 1967. Maana yake kwa kijana ni kwamba baba anakulea, lakini kwenye mambo mazito kama posa au ugomvi wa shamba, mjomba lazima aitwe. Ukikosana na baba, bado kuna mtu mzima mwenye sauti ambaye wewe ni wa kwake.

Kisha yupo bibi. Bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ni "mume wangu", wa kike ni "mke mwenza", na kila mtu anacheka. Utani huo ni mlango. Mambo ambayo ukimwambia mama utaonekana huna adabu, bibi anayauliza yeye mwenyewe, mnakunywa uji, wala hashushi sauti.

Binti aliyevunja ungo hukabidhiwa kungwi, au somo kama wanavyosema watu wa Pwani. Kazi ya somo haiishi siku mwali anapotolewa nje. Ndoa ikiyumba miaka kumi baadaye, somo anaitwa.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni mtani wa msibani. Watu wamekaa kimya, mtani anaingia amevaa koti la marehemu, anatembea kwa mwendo wa marehemu, anadai deni ambalo halipo, anazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe. Mfiwa ambaye hajala siku mbili anacheka, halafu analia vizuri, halafu anakula. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye mwenye kosa. Na hii si hadithi ya wazee tu: miaka ya 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya maelezo ya utani wa makabila mbalimbali nchini. Yaani wenzetu walishaona kwamba hapa kuna kitu cha kusoma.

Wote hawa wanafanana kwa jambo moja: wamepewa ruhusa ya kukuuliza. Hawasubiri ujieleze. Ofisi inasubiri ubishe hodi, na kubisha hodi ni kukiri mbele ya foleni nzima kwamba umeshindwa.

Wengine wameshalijaribu jambo hili kwa vipimo. Harare, mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza na bibi 14. Aliwafundisha kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kutatua tatizo moja kwa wakati. Hawakutumia jina la ugonjwa la kizungu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika kila 100 waliokaa benchini, na kama 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Kenya wapo Shamiri, ambao hutumia vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi, saa moja kwa wiki kwa wiki nne. Huko New Zealand, Fuimaono Karl Pulotu-Endemann aliwaeleza Wapasifiki afya kwa mfano wa nyumba ya Kisamoa: paa ni utamaduni, sakafu ni familia. Ukimtibu mtu ukasahau sakafu, anasimama juu ya nini?

Sasa tusidanganyane. Si kila kinachofundwa ni chema. Mabinti wengi wamefundwa kuvumilia kipigo, na wapo waliotoka kufundwa wakaozwa moja kwa moja. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe; ilibidi Rebeca Gyumi aende Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2019. Vijana wa kiume nao hufundwa kwamba mwanaume halii. Tuchukue ile nafasi ya mtu wa kukuuliza, yale mafundisho tuyapepete.

Kuna na jambo zito zaidi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Fikiria mwenzako aliyefika huko, anamwambia nani? Hapa utani hautoshi wala bibi hatoshi. Anahitaji hospitali, na anahitaji mtu wa kwenda naye mpaka mlangoni asimwache.

Ndiyo maana naiomba serikali ya wanafunzi isimamie jambo dogo. Mwaka wa kwanza akifika na begi lake, apewe jina la mtu mmoja wa mwaka wa tatu: asiwe wa kozi yake, maana atamwonea aibu ya matokeo, wala asiwe CR. Huyo ndiye somo wake, na kazi yake ni kuuliza kila wiki, ana kwa ana, umekula nini na umelala saa ngapi. Afundishwe siku mbili kutambua mambo yaliyomzidi na pa kuyapeleka. Akae kimya kuhusu anayoyasikia, isipokuwa pale uhai ulipo hatarini. Na yeye mwenyewe awe na wa kumuuliza hali. Hata bibi wa Harare wana wasimamizi wao.