Mashine mbili, majibu mawili: nani ajuaye mpaka wa shamba?

Mzee mmoja wa upande wa Takaungu alinipigia simu juzi, sauti imemkauka kwa hasira. Jirani yake ameleta mpima ardhi, vigingi vimepigwa, na vimepita katikati ya makaburi ya wazee wake. Shamba hilo nililipima mimi miaka 2 nyuma, na karatasi yangu inayaacha makaburi yote upande wake. Tofauti yetu ni mita 1.7.

"Mwanangu," akaniuliza, "nyote wawili mwatumia mashine za setilaiti. Mwongo ni nani?"

Nilimwambia huenda hakuna mwongo. Hakufurahi. Nikaona bora niyaandike haya, maana kesi kama yake ni nyingi hapa Pwani.

Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200 hivi. Ishara yake ikishuka huchelewa njiani, na anga yetu ya karibu na ikweta ni korofi zaidi, hasa baada ya jua kutua. Ndiyo maana simu yako hukosea mita 3 hadi 5 hata mahali peupe. Usiitumie kugombana na jirani. Dawa ya wapima ni kutumia mashine mbili kwa wakati mmoja. Moja husimama mahali panapojulikana, twaiita kituo. Nyingine hutembezwa shambani. Makosa ya angani huzipata zote karibu sawa, kwa hivyo ukilinganisha moja na nyingine, makosa hayo hufutika. Njia zinatofautiana kwa jambo moja kubwa: hesabu hiyo hufanywa lini, na kituo chenyewe kinajuaje kilipo.

Njia inayopendwa siku hizi ni RTK. Kituo huirushia mashine ya shambani masahihisho kwa redio au kwa laini ya simu, na baada ya sekunde chache kioo kinaandika sentimita 2. Kazi ya siku huisha kabla ya adhuhuri. Naitumia, na sina ugomvi nayo. Lakini sentimita 2 hizo ni kutoka kwenye kituo, si kutoka kwenye hati yako. Kama mpima hakuanzia kwenye bikoni ya zamani, akabonyeza tu "anza hapa", kituo hujikadiria chenyewe kama simu inavyofanya, na hukosea mita 1, 2 au zaidi. Vigingi vyote huhama pamoja. Pande ni sawa, pembe ni sawa, ekari ni zilezile. Pitisha futi kamba mpaka uchoke, hutaliona kosa. Ni mkeka uliosukwa vizuri ukatandikwa chumba cha jirani.

Njia ya pili ni ya subira. Mashine huwekwa juu ya miguu mitatu, ikatulia, ikarekodi tu, pengine nusu saa, pengine saa kadhaa. Hesabu hufanywa baadaye kwenye kompyuta. Uzuri wake ni kwamba kituo si lazima kiwe chako. Pale Ngomeni, Malindi, kuna kituo cha kudumu kiitwacho MAL2, ambacho data yake iko wazi kwenye intaneti kwa dunia nzima. Kutoka Takaungu ni kilomita 85 hivi, mbali kidogo, kwa hivyo rekodi ya dakika 20 haitoshi. Mimi sikubali chini ya saa 2.

Ya tatu huitwa PPP. Hapa unatumia mashine moja pekee, na hesabu huegemea njia na saa za setilaiti zilizosahihishwa na wataalamu. Serikali ya Canada ina huduma ya bure: unatuma faili, jibu linakuja kwa barua pepe. Kwa visiwani, ambako bikoni hazionekani, imeniokoa mara nyingi. Ila jibu lake ni la vipimo vya dunia, na ramani zetu nyingi ni za mfumo wa Arc 1960. Nyingine za kale zaidi zingali kwa futi. Hapa kwetu mifumo hiyo miwili imepishana karibu mita 300, kaskazini kwa kusini. Mpima akisahau kugeuza, shamba lako litaangukia kijiji kingine. Hilo angalau kila mtu ataliona. Linalojificha ni kosa la mita 1.7.

Nilimtafuta mwenzangu aliyepiga vigingi. Kwa bahati kituo chake kilikuwa kimerekodi saa 3. Tukaihesabu upya data ile pamoja na ya Malindi, tukaifunga na bikoni 2 za zamani zilizosalia barabarani. Kituo kikahama mita 1.7, vigingi vyake vikakifuata, vikaja kuangukia sentimita 4 kutoka vyangu. Alikiri alibonyeza "anza hapa" kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Sikumcheka. Nami nilifanya vivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini, ila hapakuwa na makaburi.

Hata hivyo namba haishindi jiwe. Bikoni ya asili ikipatikana mahali pake, ndiyo itawalayo. Tulichimba chini ya mizizi ya mnazi, futi moja na nusu, tukakuta chuma ndani ya saruji. (Walio kwenye skimu za makazi, jambo lenu ni jingine. Ramani ikiwa ya 1:2500, unene wa mstari wa nusu milimita ni zaidi ya mita 1 ardhini. Mashine haiamui hapo. Sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 imempa kazi hiyo msajili wa ardhi.)

Vigingi vimeng'olewa, jirani akishuhudia. Mzee hakuniomba ramani. Aliomba data ya kituo, nikampa kwenye flashi, akaitia ndani ya bahasha moja na hatimiliki.