Anayepokea Ruzuku ya Kaya Maskini, Je, Anastahiki Zaka?



Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanatuuliza: jirani anayepokea ruzuku ya TASAF, bado anastahiki zaka? Na mama aliyeachwa na watoto, akaingizwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ana makosa kupokea fedha hiyo?

Tuanze na la pili. Hana makosa. Katika Hadithi ya Qabiswah (r.a.) iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwataja watatu walioruhusiwa kuomba: aliyejibebesha deni kwa kusuluhisha watu, aliyepatwa na janga likamaliza mali yake, na aliyefikwa na ufukara, wakashuhudia hivyo watu watatu wenye akili katika jamaa zake. Ruhusa hiyo ina mpaka: ni mpaka apate cha kusimamisha maisha yake. Mashahidi hao hawako mbali na mkutano wa shehia, ambapo kaya hutajwa mbele ya wanaozijua. Basi anayeficha mikarafuu yake ili jina lipite, ajue kuwa anakula haramu.

Mpango wenyewe nao umejengwa juu ya mpaka huo. Fedha kwa utaratibu hutolewa kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake imefungamana na watoto kwenda skuli na kliniki. Zipo ajira za muda, na vipo vikundi vya kuweka akiba, ili kaya ifike pahala pa kujitegemea na kutoka. (Kikundi kikikopesha kwa nyongeza, hiyo ni riba hata ikiitwa faida ya wanachama. Wakopeshane bila ya nyongeza.)

Sasa zaka. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, fakiri ni asiyekuwa na kitu, au alichonacho hakifiki nusu ya haja zake. Maskini anacho cha kufika nusu au zaidi, lakini hakimtoshi. Mwenye haja ya kumi akiwa na mbili ni fakiri, akiwa na saba ni maskini, na wote wawili wana haki. Kwa hiyo ruzuku inahesabiwa kama pato jingine lolote: ijumlishwe na anachopata, kisha itazamwe kama inatosha chakula, mavazi, makaazi na matibabu. Ikiwa haitoshi, na aghlabu haitoshi, zaka ni haki yake. Kumnyima kwa sababu tu "serikali inampa" ni kosa.

Na hapa tuseme jambo linalotukera. Wapo akina baba wanaosikia mtalaka amepata ruzuku, wakaacha kuleta nafaka ya watoto. Ruzuku haimwondolei baba wajibu wake hata kidogo. Mama mwenye mume wa namna hiyo aende Mahkama ya Kadhi, wala asione haya.

Lililobaki ni kiasi cha kutoa. Tumezoea kila Ramadhani kuona foleni mlangoni kwa tajiri, kila mmoja akaondoka na noti moja, na mwakani ni wale wale. Imam Nawawi katika Al-Majmu' ameeleza kuwa fakiri hupewa cha kumtoa katika uhitaji moja kwa moja: mwenye ufundi apewe thamani ya vifaa vya ufundi wake, na mfanyabiashara apewe mtaji. Wanavyuoni wengine wamesema kinachomtosha mwaka mzima. Kwa kauli zote mbili, noti ile iko mbali. Mtoaji wa zaka mwenye uwezo wa familia moja tu, aichague moja: mvuvi aliyepoteza nyavu, mama wa mwani asiyekuwa na kamba, binti ajuaye kushona asiyekuwa na cherehani.

Fedha akabidhiwe mkononi, iwe milki yake. Akikuomba mfuatane dukani kuchagua hiyo cherehani, mfuate.

Wallaahu a'lam.