Jembe, Trekta na Jirani



Hapa Voi mvua za vuli huanza kutazamiwa mwezi wa Oktoba. Mawingu yakikusanyika juu ya mlima wa Sagalla, kila mtu humwuliza mwenzake, "Umeshapanda?" Wengine hutia mbegu katika udongo mkavu kwa kumtumaini Mungu, maana mvua ya huku chini ni haba, na mahindi yaliyochelewa hunyauka kabla ya kuzaa.

Mwaka mmoja sisi wa nyumba ya mchungaji tulikodi trekta. Shamba likalimwa asubuhi moja, nasi tukajisifu kwamba tumewahi. Jirani zetu walikuwa wakilimiana kwa jembe, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na sufuria ya pure ikiwafuata. Hatukuwaalika, wala hatukwenda kwao. Trekta ilipita mbele ya lango la mama mmoja mjane, nasi hatukumwuliza hali ya shamba lake.

Mahindi yalipokaribia kukomaa, ndovu walitoka mbuga ya Tsavo. Wale waliolimiana walikesha kwa zamu, wakiwasha mioto na kupiga madebe. Shamba letu halikuwamo katika zamu ya mtu ye yote, na usiku mmoja likaliwa lote. Asubuhi yule mjane alituletea kikapu cha kunde, asitulaumu hata kidogo. Aibu ile ilituhubiria sana.

Ndipo tulipokumbuka somo la historia ya Kanisa tulilofundishwa chuoni, habari za Waamishi. Hao ni Wakristo ambao tangu zamani wamekuwa wakulima, na wengi wao wanaishi Pennsylvania, Ohio na Indiana, huko Marekani. Asili yao ni Uswisi na Alsace, ambako mwaka 1693 baba zao walijitenga na wenzao, wakimfuata mzee Jakob Ammann. Wa shina moja nao ni Wamennonite, ambao majirani zetu wa Tanzania wanawajua vema, kwa kuwa wamishonari wao kutoka Pennsylvania walianza kazi Shirati, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka 1934.

Kwa Waamishi wakati wa kupanda huja baridi inapokwisha na theluji kuyeyuka. Wengi wao hulima kwa plau ya farasi au nyumbu, husafiri kwa gari la farasi, na hawaungi nyumba zao na nyaya za umeme. Watu husema kwamba wanaona mashine kuwa dhambi. Sivyo. Chombo kipya kinapokuja, wao huuliza: Je, kitatuleta pamoja au kitatutenga? Simu, kwa mfano, wengi wameiweka katika kibanda nje, isije ikaingilia mazungumzo ya jamaa. Trekta nayo wengi hawaipeleki shambani, maana mwenye kulima peke yake upesi aweza kusahau kwamba anamhitaji jirani. Ghala la mtu likiungua, wenzake huja kwa makumi kulijenga upya. Mwaka 1965 serikali ya Marekani iliwaruhusu wale waliojiajiri wasilipe kodi ya bima ya uzeeni, kwa sababu huwatunza wazee wao wenyewe.

Hatusemi kwamba hao ni malaika. Aliyebatizwa kwao akivunja ahadi yake aweza kutengwa hata mezani, na jambo hilo limeumiza jamaa nyingi. Wala hatusemi kwamba trekta ni mbaya. Katika nchi kavu kama yetu, kulima upesi kabla ya mvua ni hekima. Lakini swali lao yatupasa kulichukua, tuliulize juu ya trekta, juu ya simu, na juu ya ukuta tunaojenga kuzunguka nyumba.

Mtume Paulo aliwahimiza Wathesalonike wapende maisha ya utulivu na kazi ya mikono yao (1 Wathesalonike 4:11). Mtume huyo huyo aliwaagiza Wagalatia wasaidiane kubeba mizigo (Wagalatia 6:2). Maneno hayo mawili hayatengani. Utulivu usiojua mzigo wa jirani ni upweke tu.

Vuli iliyofuata tulikodi trekta tena. Safari hii ilianza katika shamba la yule mama, kisha ikaja kwetu. Jioni tulikwenda kwa wazee kuomba tuandikwe katika zamu ya kukesha. Walicheka, wakatupa debe.

Ndugu msikilizaji, kabla hujapanda mwaka huu, mtazame jirani yako.

Na tuombe: Ee Bwana, utupe mvua kwa wakati wake, na pamoja na mvua utupe moyo wa kukumbukana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.