Ukitimiza miaka 65 Marekani: miezi 6 isiyorudi

Ukikaribia miaka 65 nchini Marekani, sanduku lako la barua halipumziki. Leo bahasha ya mpango usio na malipo ya mwezi, kesho ya mpango wenye meno na miwani, keshokutwa barua inayokuhimiza upige simu kabla ya tarehe fulani. Wakenya na Watanzania waliohamia huko miaka ya 1980 na 1990 sasa wanaufikia umri huo, na wengi wao huanza kwa kulinganisha bei. Ushauri wangu ni kwamba waanze na kalenda. Bima ya nyongeza ina kipindi kimoja ambapo milango yote iko wazi. Kikipita, bei unayoiona kwenye karatasi huenda isiwe yako tena.

Kinacholipwa na kinachobaki

Medicare ni bima ya serikali kuu kwa wenye miaka 65 na zaidi. Sehemu A inahusu kulazwa hospitali. Sehemu B inahusu madaktari, vipimo, matibabu ya mgonjwa wa nje na dawa za dripu kama zile za saratani. Aliyekatwa kodi ya Medicare kazini kwa takriban miaka 10, au mwenye mume au mke aliyefanya hivyo, halipii Sehemu A. Sehemu B hulipiwa, na kiwango cha kawaida cha mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi.

Tatizo liko kwenye kinachobaki. Ukilazwa mwaka 2026, dola 1,736 za kwanza zinatoka mfukoni mwako. Kwa Sehemu B unatanguliza dola 283 kwa mwaka, kisha Medicare inalipa asilimia 80 na wewe asilimia 20. Hiyo asilimia 20 haina kikomo.

Tuseme mgonjwa wa saratani anatibiwa kliniki, na bei ambazo Medicare imezikubali zinafika dola 60,000 kwa mwaka. Anatoa dola 283, kisha asilimia 20 ya dola 59,717 zilizosalia, yaani dola 11,943. Jumla inapita dola 12,200, na Januari hesabu inaanza upya. Bima ya nyongeza, inayoitwa Medigap, huuzwa na kampuni binafsi ili kuziba pengo hilo.

Herufi moja, bei nyingi

Mipango ya Medigap hutambulishwa kwa herufi, na usizichanganye na Sehemu A na B za Medicare yenyewe. Sheria inataka mipango yenye herufi moja iwe na mafao ya msingi yale yale, hata kama kampuni ni tofauti. Mpango G wa kampuni hii unalipa bili zile zile zinazolipwa na Mpango G wa kampuni ile. Kwa hiyo wakala akisifu ubora wa G yake, muulize bei, na uulize itakuwaje ukifika miaka 75. Zipo kampuni zinazotoza watu wote sawa, zipo zinazotazama umri uliokuwa nao siku ya kununua, na zipo zinazopandisha bei kadiri unavyozeeka. Hizo za mwisho huvutia kwa bei ukiwa na miaka 65 na kukuumiza baadaye.

Waliofikia umri wa Medicare kuanzia Januari 1, 2020 hawauziwi mipango C na F, hivyo wengi huishia kuchagua kati ya G na N. Mgonjwa wetu wa dola 60,000 akiwa na G, anatoa dola 283 tu, ukiacha malipo yake ya kila mwezi. Akiwa na N, malipo ya mwezi kwa kawaida ni madogo zaidi, lakini anaweza kutozwa hadi dola 20 akimwona daktari na hadi dola 50 akienda chumba cha dharura bila kulazwa. Pia N haimkingi na daktari asiyekubali bei ya Medicare, ambaye katika majimbo mengi anaweza kuongeza hadi asilimia 15.

Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zina mipango yao isiyofuata herufi hizi. Aliyeko Lowell au Minneapolis asome kijitabu cha jimbo lake kabla ya kusikiliza ushauri wa jamaa aliyeko Texas.

Kalenda

Miezi 6 ya Medigap huanza mwezi ambao Sehemu B yako inaanza kazi, ukiwa umeshatimiza miaka 65. Ndani ya miezi hiyo kampuni haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya sukari, presha, figo au moyo. Kama hukuwa na bima kabla ya hapo, inaweza tu kuchelewesha malipo ya ugonjwa uliokuwa nao, kwa muda usiozidi miezi 6. Miezi hiyo ikiisha, katika majimbo mengi kampuni ina ruhusa ya kuuliza maswali ya afya na kukukataa. New York na Connecticut ni miongoni mwa majimbo machache yenye ulinzi mkubwa zaidi.

Wanaoendelea na kazi baada ya miaka 65 wawe waangalifu hapa. Mchukue muuguzi mwenye bima ya mwajiri aliye na wafanyakazi 20 au zaidi. Akijiandikisha Sehemu B kwa mazoea tu, miezi yake 6 inaanza kuhesabiwa wakati hana haja na Medigap. Akistaafu na miaka 68, dirisha lilishafungwa zamani, na presha yake imo kwenye faili. Anaruhusiwa kusubiri, kisha ana miezi 8 ya kujiandikisha Sehemu B bila adhabu tangu kazi au bima hiyo inapokoma, lolote litakalotangulia. Bima ya COBRA, ile ya mwajiri unayoendelea kuilipia baada ya kuacha kazi, haihesabiwi kuwa bima ya mwajiri kwa jambo hili. Anayechelewa bila sababu inayokubalika huongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyochelewa, na nyongeza hiyo hudumu muda wote atakaokuwa na Sehemu B.

Mpango wa sifuri

Zile bahasha za dola sifuri kwa kawaida ni za Medicare Advantage. Huu si Medigap, na huwezi kuitumia Medigap ukiwa ndani yake. Kampuni binafsi inachukua nafasi ya Medicare ya kawaida. Unaendelea kulipia Sehemu B, unafuata orodha yake ya madaktari na hospitali, na matibabu mengi yanahitaji kibali kwanza. Faida zake ni za kweli: kuna kikomo cha unachotoa kwa mwaka, kisichozidi dola 9,250 mwaka 2026 ukitumia madaktari wa orodha, na mara nyingi dawa, meno na miwani vimo. Kwa mwenye afya njema na kipato kidogo, huenda ukamfaa.

Ila rahisi huwa ghali pale unapotaka kutoka. Aliyeingia Advantage kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 65 ana miezi 12 ya kurudi Medicare ya kawaida na kununua Medigap bila maswali ya afya. Akikaa miaka mitano, kisha apate saratani na kutaka hospitali iliyo nje ya orodha, kurudi Medicare ya kawaida kutawezekana lakini Medigap huenda asiipate.

Safari za nyumbani

Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani, isipokuwa katika hali chache sana. Mipango G na N hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura ugenini, baada ya wewe kutoa dola 250, kwa dharura iliyoanza ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, na kwa kikomo cha dola 50,000 maisha yako yote. Mipango A, B, K na L haina fao hilo.

Kiharusi kikikupata Mombasa siku ya 20, Medigap inachangia. Kikikupata siku ya 75, huna kitu. Anayeondoka Desemba na kurudi Machi anunue bima ya safari kwa muda uliobaki. Jiandae pia kulipa kwanza kisha kudai, hivyo usiondoke hospitali bila risiti na ripoti ya daktari.

Anayerudi nyumbani kabisa hujiuliza kwa nini aendelee kulipia Sehemu B asiyoitumia. Anaweza kuiacha, lakini akirejea Marekani kuishi, miaka aliyokaa Arusha au Kisumu kwa kawaida itahesabiwa kwenye adhabu ya kuchelewa.

Kabla ya kutia sahihi

Medigap hailipii dawa za kumeza nyumbani. Hizo zina Sehemu D, ambayo mwaka 2026 ina kikomo cha dola 2,100 cha unachotoa mfukoni kwa dawa zilizo kwenye orodha ya mpango wako. Mke na mume hununua Medigap kila mmoja ya kwake. Mwenye kipato cha chini aulize kwanza kuhusu Medicaid na misaada ya kulipia Sehemu B, kwa kuwa akiipata huenda asihitaji Medigap kabisa.

Miezi mitatu kabla ya kutimiza 65, andika mambo matatu: lini kazi na bima ya mwajiri vitakoma, madaktari gani hutaki kuwaacha, na huwa unakaa nyumbani siku ngapi ukisafiri. Nenda nayo kwa washauri wa SHIP, huduma ya bure iliyopo kila jimbo, ambao hawalipwi kamisheni na kampuni yoyote. Wakala mwone baada yao, ukiwa tayari unajua herufi unayoitaka na mwezi ambao dirisha lako litafungwa.