Kidole Gumba cha Mfanyakazi

Wapo wananchi wanaoamini kwamba mpiga gitaa ni mtu aliyekimbia jembe na kiwanda, akachagua kulala mchana na kuamka jua likitua. Mawazo hayo ni ya zamani na madhara yake ni makubwa, kwani ndiyo yanayowafanya watu wazima, wenye akili zao timamu, wakae ukumbini hadi usiku wa manane wakistarehe, kisha waone uzito kulipa kiingilio. Anayetaka kuyapima mawazo hayo na autazame mwendo wa maisha ya Wes Montgomery, Mmarekani Mweusi anayehesabiwa miongoni mwa wapiga gitaa wakubwa wa muziki wa jazi.

Montgomery alizaliwa tarehe 6 Machi, 1923, mjini Indianapolis, katika jimbo la Indiana. Hakuingia chuo cha muziki, wala hakujua kusoma noti. Alipokuwa na umri wa miaka ipatayo 20, naye amekwisha kuoa, alizisikia santuri za Charlie Christian, akajitafutia gitaa la umeme na kujifunza kwa sikio, pigo baada ya pigo. Husimuliwa kwamba majirani walilalamikia kelele, naye akakiweka kando kile kipande kigumu cha kuchapia nyuzi, akazipiga kwa nyama ya kidole gumba. Sauti ikawa nene na tulivu. Tena akazoea kuipiga noti moja mahali pawili kwa pamoja, juu na chini, kwa wepesi uliowashangaza hata mabingwa.

Kati ya mwaka 1948 na 1950 alisafiri na bendi ya Lionel Hampton. Kisha akarudi nyumbani, kwa kuwa familia ilimhitaji. Watoto wake walifika saba. Tuitazame ratiba yake ya miaka ya 1950. Saa 1 asubuhi aliingia katika kiwanda cha vifaa vya redio, akatoka saa 9 alasiri. Saa 3 usiku alipanda jukwaani katika baa moja, akashuka saa 8. Kutoka hapo alikwenda ukumbi wa pili, akapiga hadi karibu na mapambazuko. Huyo ndiye mvivu tunayeambiwa!

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Montgomery alicheza kwao miaka mingi, na watu wa kwao walimpenda, lakini mapenzi hayo hayakutosha kumwondoa kiwandani. Ingawa alikuwa amekwisha kurekodi pamoja na ndugu zake, Monk na Buddy, ilibidi aje mgeni, mpiga saksafoni Cannonball Adderley, amsikie usiku mmoja wa mwaka 1959 na kuiarifu kampuni ya Riverside ya New York. Santuri yake iliyotoka mwaka 1960 ilimtangaza kote. Mwaka huo alitimiza miaka 37.

Riverside ilifilisika mwaka 1964. Kampuni zilizomchukua baadaye zilimpa nyimbo zilizokuwa zikipendwa redioni, na nyuma yake zikapanga okestra kubwa. Alipata tuzo ya Grammy, na santuri yake ya mwaka 1967, A Day in the Life, iliuzwa kwa wingi sana. Wahakiki wakamlaumu kwamba ameuza kipaji chake. Lawama hiyo haikukosa msingi, kwani soko lilipokinunua kidole gumba chake lilikipunguzia pia nafasi ya kujieleza. Lakini yafaa tuulize: mtu aliyelea watoto saba kwa kazi tatu kwa siku angejibu nini? Kosa ni la utaratibu uliompa njia mbili tu, ama apige apendavyo na kuchoka, ama apige wapendavyo wenye mtaji na kula. Tarehe 15 Juni, 1968, alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo huko huko Indianapolis. Alikuwa na miaka 45.

Hapa kwetu palijaribiwa njia ya tatu. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wenye mshahara. Hakuna anayedai kwamba utaratibu huo ulimtajirisha mtu, lakini ulikiri jambo la haki, kwamba kupiga gitaa ni kazi kama kazi nyingine.

Ndugu wananchi, jambo hilo linahitaji kukiriwa upya. Leo wimbo hunakiliwa kutoka simu hadi simu bila aliyeutunga kuona senti moja, na bendi za mikoani huahidiwa malipo ambayo huisha pamoja na sherehe. Atakayewaalika Jumamosi ijayo na awalipe kabla hawajafungasha vyombo. Kumtunza mchezaji ni wajibu wetu sisi tulio kwao, tusimngojee mgeni.